Nasaba ya Bwana Kigoma

Sokomuhogo, Mji Mkongwe
22 Januari 2024

Mwanangu Tahiya,

Marahaba. Jumapili uliniamkia kwenye simu, lakini Bi Sichana aliidaka ile shikamoo kabla haijanifikia, basi naiitikia kwa maandishi.

Huku sote wazima. Mama yako Ummkulthum keshahamia kwenye nyumba mpya Fumba, na kila mgeni anayeingia hupelekwa kwanza kuonyeshwa bomba la maji ya moto. Mke wangu Bi Sichana analalamika magoti, ila kwenye harusi hayamuumi. Mimi nipo dukani na masanduku yangu ya kale na birika za shaba. Wageni wanauliza bei, wanacheka, wanaondoka. Tumbo limeongezeka, nywele zimepungua. Ukipiga hesabu sijapoteza kitu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ni mkutano wa hadhara. Ulipouliza, "Ami, lile fuvu la Bwana Kigoma bado lipo?" watu wanne walikujibu kwa pamoja na hapana hata mmoja aliyekusikia vizuri.

Lipo. Bwana Kigoma, sokwe wetu, bado anakaa juu ya kabati la dukani, pale pale alipowekwa na marehemu baba, babu yako Shamsi, aliporudi kutoka Kigoma alikokuwa mpishi wa meli ya ziwani. Chonge hana, lakini heshima anayo. Bado nawahadithia wageni namna sokwe dume, mkubwa kama mlango wa msikiti, alivyomvamia baba katika milima ya kusini ya Kigoma, wakashikana mieleka mpaka jua likatua. Na bado Mansour wa duka la mkabala hungoja nimalize, akapiga kelele toka kwake: "Mzee Shamsi kalinunua bandarini kwa baharia! Sokwe wa Afrika Magharibi huyo! Mieleka aliyopigana ni ya bei tu!"

Sasa wewe unataka "kipande". Kipande cha nini, na cha kufanyia nini? Nieleze kwa lugha ya mtu ambaye skuli ilimuacha yeye, si yeye aliyeiacha.

Ami yako,
Gharib


Ujerumani
15 Februari 2024

Ami yangu,

Shikamoo, na hii tafadhali uiwahi mwenyewe.

Mie mzima. Baridi inauma mpaka kwenye meno. Juzi nilikaanga ng'onda, ule samaki mkavu wa Bi Sichana, na jirani wa juu akampigia simu mwenye nyumba kuuliza kama kuna mtu amekufa humu ndani. Mwambie Bi Sichana ilikuwa tamu, na kwamba imeingia katika historia ya jengo.

Haya, lugha ya binadamu. Kila kiumbe ana maandishi ya urithi ndani ya mwili wake, aliyopewa na baba na mama, nao walipewa na wazee wao, hivyo hivyo kurudi nyuma. Yote kwa jumla tunayaita jenomu. Mimi nasoma ya sokwe, nikijaribu kujua koo zao ziliachana wapi na lini. Sokwe wa magharibi na wa mashariki, kwa mfano, waliachana miaka laki tano hivi iliyopita, na ukiyasoma maandishi yao huwezi kuwachanganya. Walio hai hatuwagusi. Tunaokota kinyesi chao porini tukakisoma hicho. Naam, Ami, mjukuu wa Mzee Shamsi kasomeshwa mpaka Ulaya akapime mavi. Usimwambie mama.

Lakini kuna milima ambayo sokwe wamekwisha. Huko hapana cha kuokota. Kama Babu alisema kweli, Bwana Kigoma katoka kwenye mojawapo ya milima hiyo, na mimi sina sampuli hata moja ya upande ule. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ina tundu pale pale. Profesa wangu anasema nilizibe mwaka huu au niikate sura yote. Na kama Mansour ndiye msema kweli, fuvu halinifai kitu.

Mwenzangu Wanu, anayesoma Dar es Salaam, anashughulikia vibali. Akishavipata atakuja mwenyewe kuchukua unga kidogo wa mfupa, haufiki kijiko cha chai. Mpaka siku hiyo, Ami, usimshike Bwana Kigoma kwa mkono mtupu. Usimfute vumbi. Na kwa haki ya Mungu, usimwoshe. Mfunge kwenye karatasi, muweke pakavu, umsahau.

Umeshamgusa?

Mwanao,
Tahiya


Sokomuhogo
20 Machi 2024

Mwanangu Tahiya,

Marahaba, na Ramadhani njema. Nakuandikia baada ya alasiri, saa ambayo harufu ya kaimati za jirani inapita dirishani kunijaribu imani.

Mama yako anakusalimu. Bomba la maji ya moto limeharibika na nyumba iko katika msiba. Bi Sichana kaanza usafi wa sikukuu mapema. Kuta zimepakwa chokaa, mazulia yamepigwa mpaka yakaungama, na mimi nimehamishwa kiti mara nyingi hata nimesahau nyumba hii ni yangu.

Habari ya utafiti wako imefika barazani. Sikuipeleka mimi, ilikwenda kwa miguu yake. Mansour kaniuliza mbele za watu, "Ati mtoto wenu anasema sisi na sokwe ni ndugu?" Nikamwambia, "Wewe sina hakika. Mimi kwetu Makunduchi." Watu wakacheka, nami nikajiona mshindi, mpaka nilipofika nyumbani nikagundua sikujibu kitu. Hebu nipe jibu la kweli, ila liwe fupi, Mansour hana subira.

Kuhusu fuvu, usiwe na wasiwasi. Bwana Kigoma hajambo, anang'aa. Lile swali lako la mwisho nitalijibu siku nyengine. Barua hii ni ya Ramadhani na sipendi kuijaza mambo ya mifupa.

Je, theluji imeyeyuka?

Ami yako,
Gharib


Ujerumani
18 Aprili 2024

Ami,

Shikamoo, na Idd Mubarak iliyochelewa. Huku tulisali kwenye ukumbi wa mchezo wa mpira wa kikapu, imamu chini ya goli. Nilivaa lile gauni la mama na juu yake koti lenye uzito kama wa mbuzi, kwa hivyo hapana aliyeliona.

Jibu la Mansour: koo za watu na za sokwe, tukisoma maandishi, zinaonekana ziliachana miaka milioni sita au saba nyuma. Na sokwe yuko karibu zaidi nasi kuliko alivyo karibu na gorila. Hilo hata mimi lilinishangaza siku ya kwanza. Tena kuna sokwe wadogo wa ng'ambo ya mto Kongo, wanaitwa bonobo, ambao ndani yao tumekuta mabaki ya sokwe mwengine kabisa, jamii iliyokwisha, hapana mfupa wake hata mmoja uliopatikana. Tumemjua kwa aliyoyaacha ndani ya damu za wengine. Mimi hiyo ndiyo inayonifanya niamke asubuhi kwenda kazini. Mansour asipotaka kuyasikia, mwambie tu mimi nasoma nasaba, kama wanavyosoma nyumba nyingi za Unguja, ila wateja wangu hawajisifu.

Sasa wewe. Theluji imeyeyuka, ahsante. Umeandika "anang'aa". Ami, fuvu la miaka sabini haling'ai. Anang'aa vipi?

Wanu kapata vibali. Atafika kwenu mwezi wa tano.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Tahiya


Sokomuhogo
16 Mei 2024

Mwanangu Tahiya,

Marahaba. Masika imetunyeshea mpaka paka kahamia chumba cha juu. Mama yako kapata bomba jipya na ameanza tena kupokea wageni.

Wanu kaja. Msichana mzuri, mpole, anakula kwa adabu. Lakini mwanangu, ungenitahadharisha! Alipomaliza chai akaingia chumbani, akatoka amevaa nguo nyeupe toka utosini mpaka kwenye viatu, glavu mbili mbili, barakoa, na miwani kama ya mpiga mbizi. Mtaa ukasimama. Mansour akafunga duka lake mbio, akaniuliza kwa mbali, "Yakhe, kipindupindu?" Nikamjibu, "Sokwe." Akasema afadhali kipindupindu.

Nikaamrishwa nisimame mlangoni, mbali na Bwana Kigoma wangu mwenyewe. Nilitaka kumsogezea tu kidogo upande wa mwangaza, Wanu akapiga ukelele nikarudi nyuma nikaangusha birika. Akatoboa mahali pawili kwa mashine ndogo kama ya daktari wa meno: juu ya taya, na pembeni, ndani ya mfupa wa sikio. Unga ukaingia kwenye vichupa. Halafu akateremsha barakoa, akalinusa fuvu, akanitazama, akalinusa tena. Nikamfungia halua ya kwenda nayo.

Basi ndiyo hivyo, kazi yangu nimeimaliza. Ngoja, Bi Sichana anaitaka kalamu.

*Tahiya mwanangu, mimi Bi Sichana. Ami yako hana jipya. Tangu Ramadhani kalitia fuvu kwenye ndoo ya maji ya jiki ya kufulia, likalala humo, asubuhi kalisugua kwa brashi ya nguo, kalianika, kalifukiza udi na kulinyunyizia marashi ya mawaridi. Nilimwambia mtoto kakataza. Akasema mgeni hapokewi na kitu kichafu. Mimi nimeshatua mzigo wangu. Ng'onda nyengine inakuja.*


Ujerumani
3 Agosti 2024

Ami,

Shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kwanza nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikasubiri mashine. Vyote vitatu vinachukua muda.

Kiangazi kimefika. Watu wanalala kwenye majani bustanini kama waliopigwa dawa. Nimepata rafiki Mkongo anayepika kisamvu, na jirani wa juu sasa ndiye anayebisha hodi kuuliza kimebaki.

Unga wa taya tumeusoma. Kompyuta ikasema: huyu si sokwe. Ni binadamu, tena mwanamume. Maabara yetu huweka maandishi ya urithi ya kila mtafiti ili tujue kama kuna aliyechafua sampuli, basi ikalinganisha, ikaongeza: mtu huyu ana undugu wa karibu na Tahiya, robo nzima ya urithi wao ni mmoja. Profesa akanigeukia. Wenzangu wote wakanigeukia. Ikabidi niseme mbele ya mkutano, "Huyo ni ami yangu Gharib, muuza birika." Umefika Ulaya bila ya pasi, Ami. Umeacha mate, jasho, vidole, sijui nini. Ulikuwa ukimbusu?

La kushangaza ni kwamba jiki si adui kama nilivyodhani. Sisi wenyewe huosha unga wa mifupa ya kale kwa jiki kidogo sana, ili kuondoa alama za walioushika. Kidogo, Ami, si ndoo. Na wewe ukishamaliza kumwosha ukamshika upya.

Umebaki unga wa mfupa wa sikio. Ule ni mgumu kama jiwe na huenda maji yako hayakufika ndani. Ndiyo nafasi yetu ya mwisho. Fuvu haliwezi kutobolewa kila siku, na Profesa kanipa mpaka mwezi wa kumi na moja.

Nina swali moja, na naomba usiniulize habari za theluji. Ulimwosha ili atakate, au ili anyamaze?

Mwanao,
Tahiya


Sokomuhogo
29 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba.

Sote wazima, na habari za nyumba utazipata Jumapili kwenye mkutano wa hadhara.

Swali lako nimelisoma, nimelikunja, nimelitia mfukoni. Bado limo.

Ila nikwambie hili. Baba alikuwa mpishi tangu ujana mpaka mikono ikamtetemeka. Alipika wali wa watu, akala ukoko. Katika maisha yake yote, kitu pekee kisichokuwa wali ni kile kisa cha milima ya Kigoma. Akikisimulia alikuwa mrefu. Watu wakubwa wa mtaa huu, watu waliompita bila ya salamu alipokuwa na kapu la soko, walikaa chini kumsikiliza. Mimi nilikuwa nakaa miguuni kwake nikiwatazama nyuso zao. Nilipolirithi duka nilirithi na kisa, na nakisimulia neno kwa neno, na kila Mansour anapopiga kelele mimi hucheka. Lakini huwa sicheki.

Sasa mashine yako inaweza kumsikiliza baba kama Mansour anavyomsikiliza.

Hata hivyo wewe una tundu kwenye sura yako, na wewe ni mtoto wetu, na baba angeuza hata sufuria ili usome. Basi pima. Likitoka lolote, liandike kama lilivyo. Usilitie sukari, daktari kanikataza.

Ami yako,
Gharib


Ujerumani
10 Novemba 2024

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Kaa kwanza. Usisome huku umesimama, na mwite Bi Sichana akae pia.

Mfupa wa sikio umesema. Jiki yako haikufika. Ndani mlikuwa na maandishi safi kuliko tulivyotarajia, si ya muuza birika, ni ya sokwe.

Ni sokwe wa mashariki, Ami. Hana lolote la magharibi. Tulimlinganisha na wote tulio nao, msitu kwa msitu, na ndugu zake wa karibu kabisa ni sokwe wanaoishi leo kusini ya Kigoma, kando ya ziwa. Lakini yeye si wa kundi lao hasa. Ana tawi lake peke yake, ambalo hatujalikuta kwa sokwe yeyote aliye hai. Kwa hivyo katoka jirani yao, kwenye milima ambayo leo haina sokwe. Pale pale Babu alipopataja. Babu hakununua kitu bandarini. Nilipoiona ile ramani na nukta yake nilitoka nje kwenye mvua nikawa natembea tu, nalia na kucheka, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Profesa kasema sura ibaki, tena iwe ya kwanza badala ya kuwa ya mwisho.

Umekunywa maji? Kunywa.

Kuna jambo jengine. Umeniambia nisitie sukari. Dume lina alama yake katika maandishi, kromosomu moja ambayo baba humpa mtoto wa kiume. Tumeitafuta kila pembe. Haimo. Bwana Kigoma ni mwanamke, Ami. Na Wanu, ambaye alimpiga picha za meno, anasema magego yamelika mpaka chini kabisa. Alikuwa bibi kizee.

Kwa hivyo mahali ni kweli tupu. Kuhusu mieleka mpaka jua kutua, nakuachia wewe.

Nnakuja. Nshakata tikiti ya mwezi wa kwanza.

Mwanao,
Tahiya


Sokomuhogo
2 Disemba 2024

Mwanangu Tahiya,

Marahaba, marahaba, na moja zaidi ya kuweka akiba.

Nilikaa kama ulivyoamrisha. Bi Sichana akasoma kwa sauti, maana miwani yangu ilifunga ukungu. Alipofika kwenye nukta ya ramani nikaomba arudie. Akarudia. Nikaomba tena. Akasema, "Gharib, mimi si redio," lakini akarudia. Nikaondoka nikaenda barazani nikaisoma barua mbele ya watu wote. Mansour alisikiliza mpaka mwisho. Akamaliza kahawa yake. Halafu akasimama, akavuka njia, akaingia dukani kwangu na kusimama mbele ya kabati. Akasema, "Mzee Shamsi, nisamehe." Nimemjua Mansour tangu tukiwa hatuna meno, na sijapata kumsikia akiomba msamaha hata kwa mkewe.

Kisha akageuka. "Lakini kapigana na bibi kizee," akasema, na baraza zima likalipuka. Nami nikacheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maskini baba! Namwona sasa: mpishi kaenda porini kutafuta kuni, kakuta fuvu, katupa kuni kakimbia, kisha karudi taratibu kulichukua. Hilo jua lililotua, lilitua akiwa bado anajipa moyo. Nilidhani nitampenda kwa kuwa alisema kweli. Nimejikuta nampenda zaidi kwa ile nusu aliyoongopa.

Habari ikawafikia wanawake wa mtaa kabla ya magharibi. Wakaja dukani na udi na vifijo, wakasema miaka yote hii bibi wa watu kaitwa bwana na hapana aliyemuomba radhi. Sasa ni Bi Kigoma, na kafungwa mtandio wa hariri. Simgusi, kafungwa na Bi Sichana, kwa glavu za kuoshea vyombo.

Na mimi kisa nimenyang'anywa. Bi Sichana, ambaye nikianza kusimulia alikuwa akiondoka chumbani, ndiye anayehadithia sasa. Anasimama katikati ya duka na mkono kiunoni, anaeleza jenomu, ziwa, milima na tawi lililopotea, halafu anapiga makofi na sisi tunaingia kuigiza. Mansour ndiye baba. Kajitolea mwenyewe, na anavaa aproni. Mimi, kwa sababu ya tumbo, ndiye bibi kizee. Tunashikana mieleka mbele ya wageni, wanapiga picha, na juzi mmoja alinunua sanduku bila hata kuuliza bei.

Tatizo limebaki moja. Mansour anataka ashinde. Anasema Mzee Shamsi alirudi mzima, kwa hiyo alishinda. Bi Sichana kamkatalia katakata. "Bibi hashindwi," anasema, na kila jioni mimi na Mansour tunagaragara kwenye zulia mpaka mgongo unalia, hapana anayeachia. Njoo upesi, mwanangu. Tunahitaji mtaalamu.

Ami yako,
Gharib